Deni Linaloongea Kiswahili

Kila nikipanda matatu ya Kangemi kutoka mjini napita Safaricom House pale Waiyaki Way. Sina ugomvi na jengo. Ugomvi wangu ni na msamiati. Okoa Jahazi, kwa mkopo wa kredo. M-Shwari ya mwaka 2012. Mimi ni mtoto wa Nairobi, jahazi nimeliona kwa picha, na bado kredo ikiisha najifanya nahodha. Hata Bonga, zile pointi za tangu 2007, ni Sheng: neno letu la kupiga stori limegeuka hesabu ya pesa ulizotumia.

Halafu kuna Fuliza, iliyokuja Januari 2019. Kwa kamusi, kufuliza ni kufanya jambo mfululizo, bila kukatiza. Mtaani, "nimefuliza" ni kusema umesota, na hakuna anayekuuliza zaidi. Pesa ikiingia kwa laini yako, deni linakatwa kwanza, kinachobaki ndicho chako. Aliyechagua hilo jina anakijua Kiswahili kuliko walimu wangu wengi.

Hapa ndipo Ngũgĩ wa Thiong'o anaponisumbua. Sikumaliza chuo, karo ilinishinda mwaka wa pili, kwa hivyo nadharia nimeisoma kwa PDF za kutumiana na kwa mabishano ya vibanda vya chai. Kwenye hayo mabishano Decolonising the Mind, ya 1986, ni kama kitabu cha dini. Lugha hubeba utamaduni, rudi kwa lugha yako, jikomboe. Tunapenda pia hadithi ya 1968, yeye, Taban lo Liyong na Henry Owuor-Anyumba walipotaka Idara ya Kiingereza ya chuo kikuu hapa Nairobi ivunjwe. Sawa. Lakini kama kurudi kwa lugha ndio ukombozi, basi wenye mikopo walitutangulia. Walirudi zamani, na wakaja na misemo.

Horkheimer na Adorno, Wajerumani wawili waliokimbilia Marekani, waliandika miaka ya 1940 kwamba utamaduni ukitengenezwa kama bidhaa ya kiwandani, kila kitu kinafanana. Nawaelewa, ila kwetu mambo yalienda kombo kidogo. Mtaji haukuhitaji tufanane na Mmarekani. Ulituuzia tofauti yetu: Uswahili, utani wa mtaani, ujirani. Lakini fungua masharti ya mkopo kwenye tovuti. Nilipoyafungua, Kiswahili kiliishia kwa jina, mengine yote yalikuwa Kiingereza cha wakili.

Kosa si la Ngũgĩ, ni letu tuliomsoma nusu. Fuata Waiyaki Way, pita Kangemi, nenda tu, utafika Limuru. Kule Kamĩrĩthũ, mwaka 1977, yeye na Ngũgĩ wa Mĩriĩ walishirikiana na wanakijiji kuigiza Ngaahika Ndeenda. Sote tunajua iliigizwa kwa Gĩkũyũ, serikali ikaipiga marufuku, na mwaka ulipoisha Ngũgĩ alikuwa kizuizini. Lakini waulize hao wabishi mchezo wenyewe unahusu nini. Unahusu mkopo! Kĩgũũnda ana kashamba ka ekari moja na nusu. Tajiri anamshawishi aweke hati benki ili afanye harusi ya kanisani, ya kisasa, ya watu wa heshima. Anaishia kupoteza shamba. Wanakijiji hawakuwa wanasherehekea tu lugha ya mama. Walikuwa wanaitumia kuelezana jinsi mtu anavyonyang'anywa huku akitabasamu. Sisi tulibeba lugha tukaacha hesabu.

Nasema "sisi" kwa sababu na mimi nimo. Mwaka jana wakala mmoja wa matangazo, Westlands, alinipa kibarua: majina kumi ya apu ya mikopo midogo, yawe "ya nyumbani". Nilikaa nayo siku mbili. Tisa yalikuwa takataka. La kumi nililitoa kwa mama. Chama chao cha Kangemi, wamama kumi na wawili, kina neno la ile Jumapili ambayo kila mmoja huleta mia tano na mmoja huenda na zote. Si neno la siri, majirani wote walijua. Lakini nimeona mama akilitamka akiwa na bahasha mkononi, nyumba ikiwa haina unga, na uso wake ukawa wa mtu mwingine. Silitaji hapa, nimeshaliuza mara moja.

Nilituma orodha nikalipwa, na wakanijibu kwamba namba kumi "inagusa". Sijasikia tena kutoka kwao. Mama sijamwambia. Siku hizi matatu ikipanda Waiyaki Way nakaa upande wa dirisha, nasoma mabango yote mpaka Kangemi.