Fani ya Maombolezo katika 808s & Heartbreak

Kanye West alipotoa albamu ya 808s & Heartbreak mnamo Novemba 2008, wahakiki waligawanyika. Baadhi yao walishikilia kuwa mfokaji huyo wa Chicago alitupa ufundi wake wa maneno na kujaribu uimbaji asioumudu, akijificha nyuma ya Auto-Tune. Hoja hii inatenganisha fani na maudhui. Mamake, Donda West, aliyekuwa profesa wa Kiingereza, alifariki Novemba 2007. Mwaka uliofuata uchumba wake ukavunjika. Mbele ya misiba hiyo, ufasaha wa kufoka, ambao aghalabu ni wa kujigamba, hauna kazi. Sauti iliyonyooshwa na mtambo, pamoja na midundo mikavu ya Roland TR-808, ndiyo inayobeba ukiwa: mwombolezaji anasikika kama aliyetengwa hata na sauti yake mwenyewe. Kasoro ya albamu iko kwingine. Mpenzi analaumiwa mfululizo bila kupewa nafasi ya kujibu, ilhali kifo cha mama kinaguswa kwa nadra. Hata hivyo, Drake na wafokaji wengine waliifuata njia hiyo. Waliopima uimbaji pasipo kuuliza dhima yake walipima kwa kipimo kisichofaa.