Kicheko cha Utani Katika Sinema

Walimu wenzetu wa huku ufukoni mwa ziwa wamebishana mara nyingi kama yafaa kuwaonyesha vijana sinema za kuchekesha. Wako wasemao: "Mtu aangukaye, amwagiwaye rangi, agongwaye kichwani, atatufundisha nini? Kijana akizoea kumcheka huyo, kesho atamcheka bibi kizee atelezaye mwaloni na ndoo yake ya dagaa." Neno hili ni zito, wala hatulidharau. Lakini twaona limechanganya vicheko viwili visivyo ndugu, na hapana budi kuvitenga.

Tuitazame picha moja ya Waingereza, iitwayo "The Plank", maana yake Ubao. Ilitungwa na kuongozwa na Eric Sykes mwaka 1967, naye mwenyewe akacheza ndani yake pamoja na Tommy Cooper, mtu mrefu sana, aliyejulikana kwao kwa mazingaombwe yaliyoharibika mikononi mwake kwa makusudi. Habari yake ni fupi. Mafundi wawili wanajenga nyumba, na sakafu imepungukiwa ubao mmoja. Waenda kuununua, kisha waurudisha kazini. Hiyo ndiyo hadithi yote. Lakini ubao ni mrefu, na njia ina watu. Mwenye kuubeba huona mbele tu, ilhali mwisho wa ubao uko nyuma yake, nao una safari yake. Maneno karibu hayamo. Husikika miguno na vishindo tu, hata asiyejua Kiingereza hapungukiwi na kitu. Mwaka 1979 Sykes aliitengeneza upya kwa ajili ya televisheni, na mwaka uliofuata ikapata tuzo huko Montreux, katika nchi ya Uswisi.

Jioni moja tuliionyesha picha hiyo uwanjani, juu ya shuka nyeupe. Watoto walicheka tangu mwanzo. Sisi tulimtazama zaidi mzee mmoja, fundi wa mitumbwi, mtu asiyecheka ovyo. Kwanza alikaza uso, kisha akaanza kutikisika mabega, mwisho akafuta machozi. Tulipomwuliza alisema: "Mwalimu, watu hawa wanajua ubao. Asiyejua kuubeba asingeweza kukosea vizuri namna ile. Mimi mwenyewe nilipokuwa kijana niligeuka na ubao begani, nikamtupa shemeji yangu majini. Tulicheka sote, naye alicheka kuliko mimi. Kisha nikamtoa."

Twaona mzee huyu alitupa mambo mawili. La kwanza ni la ufundi. Mchezo wa kuanguka si mchezo wa wavivu. Aangukaye mbele ya watu bila kuumia, kwa wakati ule ule uliotakiwa, amejifunza kuanguka kama vile mwingine ajifunzavyo kupiga ngoma. Wachezaji wa Usukuma wajua jambo hili. Katika mashindano ya Bagika na Bagalu, pande mbili hucheza kwa wakati mmoja, na kila upande huwavuta watazamaji kwa vituko na sanamu za mbao. Watu wakihamia upande wa pili, umeshindwa. Hakuna awezaye kuwadanganya watazamaji wenye miguu.

Jambo la pili ni lile neno, "kisha nikamtoa." Hapo ndipo vicheko viwili vinapoachana. Sisi tuna utani: wa babu na mjukuu, wa mashemeji, na wa kabila na kabila. Mtani aweza kumcheka mwenzake hata msibani, lakini mtani huyo huyo ndiye ashikaye jembe la kaburi na kuchota maji. Kicheko chake kina deni, naye hulilipa. Kicheko kisicho na deni ni dharau. Basi, picha ya Sykes ina tabia ya utani. Hakuna mtu mbaya ndani yake, wala hakuna atakaye kumwumiza mwenzake. Askari apata taabu sawasawa na mpaka rangi, wala cheo hakimwokoi mtu na ubao. Waingereza hapo wanajicheka wenyewe, nao wanatukaribisha tuketi pamoja nao.

Asili ya mchezo huu ni ya zamani. Charlie Chaplin alizaliwa mwaka 1889, akakulia London katika umaskini, na alipokuwa na miaka saba alipelekwa katika nyumba ya kulelea maskini. Mwaka 1910 alikwenda Marekani na kundi la Fred Karno, ambamo alikuwamo pia Stan Laurel. Katika picha yake "The Gold Rush" ya mwaka 1925, mtu mwenye njaa apika kiatu chake akala. Azungusha kamba zake kama tambi, anyonya misumari kama sisi tunyonyavyo mifupa ya sato. Hatuicheki njaa yake. Twaicheka adabu yake mezani, nayo ni adabu ya mtu aliyekataa kudharauliwa na njaa.

Lakini si kila picha yafaa. Nyingine za Chaplin za miaka ya mwanzo zimejaa mateke, na teke likizidi mno kicheko huwa kigumu. Tukumbuke pia habari ya nchi yetu. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 ilitengenezwa hapa Tanganyika picha iitwayo "Muhogo Mchungu", ya mtu wa shamba aliyekwenda Dar es Salaam akadanganywa. Aliyeicheza ni Rashidi Kawawa, ambaye mwaka 1962 alikuwa Waziri Mkuu. Mchezaji alikuwa mwenzetu, lakini picha ilitoka katika kazi ya serikali ya kikoloni, iliyotaka kumfundisha mwanakijiji. Mwalimu akimcheka mwanafunzi, naye mwanafunzi hana ruhusa ya kumcheka mwalimu, huo si utani. Utani huenda na kurudi.

Kwa hiyo twawaambia wenzetu: msiifunge milango ya sinema hizi, bali kaeni pamoja na vijana, muulize maswali mawili. Je, aliyeanguka aweza kucheka pamoja nasi? Je, aliyecheka angenyosha mkono?

Wiki chache baada ya jioni ile, mama mmoja aliteleza mwaloni, dagaa wakamwagika mchangani. Vijana wetu walicheka, hatuwezi kuficha. Tulikuwa tumekwisha kufungua kinywa kuwakemea. Ndipo tukaona wawili wao wamekwisha kupiga magoti, wanawaokota dagaa mmoja mmoja na kupuliza mchanga, huku wakicheka bado. Mama naye alicheka, akamwambia mmoja: "Okota vizuri, mume wangu, au leo utalala njaa." Tukafunga kinywa, tukainama kuokota.