Sifa za Mpiga Besi

Sonata ya selo ya zama za Baroko kwa kawaida iliandikwa kwa mistari miwili tu: wa juu wa selo, wa chini wa besi. Ndivyo zilivyo sonata sita za Antonio Vivaldi zilizochapishwa Paris mwaka 1740. Wasikilizaji humwangalia mpiga selo. Mimi namsifu aliyeketi kandoni mwake, mpiga kontinuo, kwa kuwa kazi yake ndiyo ngumu zaidi na ndiyo isiyoshangiliwa.

Amepewa noti za besi, na juu yake tarakimu chache. Akiona 6 juu ya mi, anajua aongeze sol na do. Lakini azipange wapi, azipige pamoja au moja baada ya nyingine, azirudie au anyamaze, hakuna aliyemwandikia. Anaamua papo hapo, wimbo ukiendelea. Klavesini anayoipiga nayo haimwonei huruma. Kidole kikibonyeza, kijembe chembamba cha unyoya kinadonoa waya, sauti inalia na kufifia upesi, hali selo kwa upinde wake inaweza kuivuta noti ileile kwa muda mrefu. Basi penye noti ndefu mpigaji huzimwaga sauti zake taratibu, moja moja, pasibaki uwazi. Tena selo huimba chini, jirani kabisa na besi. Akijaza sauti nyingi ataifunika. Fundi hupunguza vidole. Kujua cha kuacha, nadhani, huchukua miaka mingi kuliko kujua cha kupiga.

Ituri, huku Kongo, ufundi huu si mgeni. Toka Bule, elekea kaskazini hadi Mahagi kwa Waalur, utakuta adungu za kila ukubwa: ndogo zinazopamba wimbo, na ile kubwa ya besi, tumbo lake mti uliochongwa na kuwambwa ngozi. Mwenye kubwa hukwanyua nyuzi chache tu, bila haraka, na wenzake wote wanamtegemea yeye. Akiteleza, wimbo mzima unayumba.

Selo nazo zipo Kongo. Orkestra ya Wakimbangu ya Kinshasa, aliyoianzisha Armand Diangienda mwaka 1994, ilianza na vyombo vichache vya kupokezana, na uzi wa fidla ukikatika walifunga waya wa breki ya baiskeli.

Ninachotamani kusikia Bule ni selo moja na adungu kubwa, katika Largo inayofungua sonata ya tano ya Vivaldi. Si jambo la ajabu: hata Ulaya ya wakati ule, kinubi kilipiga kontinuo, na adungu ni kinubi. Ikiwa imefungwa kwa do re mi, nusu-toni nyingine itazikosa. Mpigaji ataziachia selo, au atakaza kigingi kimoja kabla ya kuanza. Largo haina haraka. Nafasi ya kuchagua ipo.