Wasia, Rehani na Subira

Hati huwekwa juu ya kabari za sponji ili isijikunje kwa nguvu, kisha pembe zake hukandamizwa kwa nyuzi nzito zilizojazwa risasi. Mezani kuna penseli, kikuza na karatasi tupu, wino hauruhusiwi. Mtafiti wa nasaba za Kiingereza haanzi kusoma. Anatazama kwanza: ngozi ya kondoo, wino wa vinundu vya mwaloni uliogeuka kahawia, na ukingo wa juu uliokatwa kwa mawimbi. Mawimbi hayo yana maana. Maneno yaleyale yaliandikwa mara mbili katika ngozi moja, ikakatwa kati, kila upande ukachukua kipande chake. Ukizuka ugomvi, vipande hulinganishwa.

Kisha anajifunza mkono wa mwandishi. Karani wa karne ya 16 aliandika e iliyogeuka nyuma, h yenye mkia chini ya mstari, na c inayofanana na r. Mtafiti hakisii. Anajua kwamba wasia wa wakati ule kwa kawaida ulianza kwa kulitaja jina la Mungu, basi kutoka kwa maneno hayo anayoyafahamu anachukua herufi moja moja na kujiundia alfabeti ya karani huyo. Ndipo anaponakili mstari kwa mstari, bila kusahihisha tahajia. Asipoweza kusoma neno, anaacha pengo na kusonga mbele. Huenda ukurasa wa tatu ukamfungulia.

Tuchukue ukoo mmoja wa Warwickshire, ule wa Arden na Shakespeare. Tarehe 24 Novemba 1556, Robert Arden, mkulima wa Wilmcote, aliandikisha wasia. Mary, bintiye mdogo kuliko wote, alirithishwa shamba liitwalo Asbyes pamoja na mazao yaliyokuwa yamepandwa. Baada ya mazishi, wathamini walipita chumba hadi chumba na kuorodhesha kila kitu: maksai wanane, nyuki, nyama ya nguruwe iliyotundikwa darini, vitambaa vya ukutani vilivyochorwa. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mali ya Arden ilipotea zamani, lakini kwa kuwa daftari lipo, mtafiti anaweza kutembea ndani ya nyumba yake.

Tarehe nazo zina mitego. Mpaka 1752, mwaka wa kisheria wa Uingereza ulianza 25 Machi. Kwa hiyo hati iliyompa John Shakespeare usimamizi wa mirathi ya Richard Shakespeare wa Snitterfield, ya 10 Februari 1560 kwa hesabu ya wakati ule, ni ya 1561 kwa hesabu yetu. Mtafiti huandika miaka yote miwili, 1560/61, asije msomaji mwingine akapotea.

Hati hiyo inamwita John mkulima wa Snitterfield. Hati nyingine, ya 1556, inamtaja John Shakespeare wa Stratford, mtengeneza glavu. Je, ni mtu mmoja? Mwenye haraka angewaunganisha palepale. Mtafiti anafungua kadi mbili na kuendelea kusoma. Kesi ya deni ya 1587 inamsaidia: John wa Stratford anadaiwa kwa sababu alimdhamini ndugu yake Henry, na Henry ni mtu wa Snitterfield. Sasa kadi hizo zinaweza kukaribiana.

Mwaka 1578, John na mkewe, ambaye ni yule Mary Arden, waliweka rehani ardhi ya Wilmcote kwa shemeji yao Edmund Lambert, kwa pauni 40. Ardhi haikurudi. Walishtaki mwaka 1588, wakashtaki tena mwaka 1597 katika Mahakama ya Chancery. Ndani ya shauri la 1588, lililoandikwa kwa Kilatini, linapita jina la mwana wao William pamoja na wazazi wake. Kati ya ubatizo wa mapacha wake mwaka 1585 na habari zake za London mwaka 1592, alama za mtu huyo ni chache mno, na hapa ipo moja.

Hapo ndipo ufundi hupimwa. Hati inasema William alitajwa. Haisemi siku hiyo alikuwa wapi wala alifanya kazi gani. Mtafiti ananakili jina kama lilivyoandikwa, anaweka namba ya hati pembeni, na hazidishi.

Mwisho anachora ukoo. Mstari mzima huonyesha ushahidi, mstari wa nukta huonyesha dhana. Kati ya Robert na Mary mstari ni mzima, kwa sababu baba mwenyewe alimtaja bintiye. Kuhusu Richard, wengi wamejaribu kumtafutia baba na babu. Mtafiti ameyasoma madai yao, ameomba hati zao, amezisoma pia. Juu ya jina la Richard hachori hata nukta.