Tani 10 za Taka Mikononi mwa Fundi

Tarehe 15 Septemba 2018, Lamu ilishusha majini chombo ambacho wazee wa kisiwa hicho hawakuwahi kuona mfano wake. Umbo lilikuwa lile lile wanalolijua tangu utotoni: omo iliyochongoka, mkuku ulionyooka, tanga la pembetatu. Mwili ndio uliokuwa mgeni. Mahali pa mbambakofi na mtondoo palikuwa na takriban tani 10 za taka za plastiki, zilizoyeyushwa na kuchongwa, kisha zikavishwa vipande vya ndara zipatazo 30,000 za kila rangi. Urefu wa chombo ulikuwa mita 9. Wakakiita Flipflopi.

Picha zake zilizunguka dunia, na wengi waliozitazama walivutiwa na rangi. Wana haki, ni chombo kizuri cha kutazama. Lakini anayejua japo kidogo habari za vyombo hujiuliza jambo jingine: kimeundwaje? Plastiki haina nyuzi kama za mti, haioti tawi lililopinda, hainywi maji ikavimba. Fundi aliyekulia kwenye mti aliwezaje kuigeuza jahazi la kutiwa baharini? Jibu lake linafaa lielezwe polepole, maana ndani yake mna somo kwa kila mtaa na kila kijiji kinachotaka kuishi bila kuyaharibu mazingira yake.

Wazo lenyewe lilianza mwaka 2016 kwa Ben Morison, mtu wa biashara ya utalii, aliyeudhiwa na taka zilizojaa fukwe za Kenya. Dipesh Pabari akashika uongozi wa mradi. Ila hawa wawili wasingefika popote bila Ali Skanda, fundi mkuu wa vyombo wa Lamu. Wangeweza kununua boti ya kiwandani wakaipaka maneno ya kuhimiza usafi. Badala yake walimwendea fundi, wakamkabidhi mali ghafi isiyopendwa na mtu. Kwangu mimi huo ndio uamuzi wa busara kuliko yote katika mradi mzima.

Ili kuuelewa uzito wake, tutazame kwanza ufundi ulivyo. Mji Mkongwe wa Lamu uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2001, na wageni wengi wakisikia hivyo hufikiria nyumba za mawe na milango ya nakshi. Vyombo ni sehemu ya urithi huo huo. Katika kijiji cha Matondoni, upande wa pili wa kisiwa, majahazi na mashua huundwa ufuoni kwa mikono. Fundi hafanyi kazi kwa mchoro wa karatasi. Hulaza mkuku, husimamisha miti ya omo na ya tezi, kisha hupanga mataruma, na kipimo chake kikuu ni jicho.

Taruma zuri halikatwi kwenye ubao ulionyooka. Fundi hutafuta tawi lililokwisha kupinda lenyewe, ili nyuzi za mti zifuate mpindo wa chombo na nguvu isikatike njiani. Mbao zikishapigiliwa, nafasi baina yake hutiwa kalafati: pamba iliyoloweshwa mafuta, inayosukumwa ndani kwa patasi na nyundo, shubiri kwa shubiri, kuzunguka chombo kizima. Chini hupakwa deheni. Siku chombo kinapoingia majini, mbao hunywa maji, huvimba, na kuibana ile pamba. Bahari yenyewe ndiyo inayoikamilisha kazi ya fundi. Anayeunda chombo, basi, anajua mti utafanya nini leo na utafanya nini baada ya mwezi mmoja ndani ya chumvi.

Mti huo sasa ni wa shida. Mbao ngumu ni ghali, na misitu ya pwani haiwezi kukatwa kama zamani. Lamu ina zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya, na mikoko hiyo ndiyo makazi ya samaki wachanga na kinga ya ufuo. Februari 2018 serikali ya Kenya ilisimamisha ukataji miti katika misitu ya umma na ya jamii. Huku mti unaadimika, huku plastiki inazidi: inaletwa na mawimbi, inatupwa na wenyewe, na punda wa mji huila pamoja na mabaki ya chakula hata wengine wakafa kwa kuzibwa tumbo. Fundi wa Lamu alikuwa na upungufu wa kitu kimoja na wingi wa kingine. Mradi wa Flipflopi uliyaunganisha mambo hayo mawili.

Hata hivyo taka si kitu kimoja, na hapo ndipo kazi inapoanza. Madumu ya mafuta, ndoo na chupa za shampuu kwa kawaida ni polyethilini nzito. Vifuniko vingi ni polipropilini. Chupa ya maji ya kunywa ni jamii nyingine kabisa. Zikikatwa vipande vidogo na kutiwa majini, zile mbili za kwanza huelea, na ya chupa ya maji huzama. Kipande cha bomba la PVC hakifai kuingia kabisa, kwa sababu kikipashwa moto hutoa gesi yenye tindikali inayounguza mapafu na kula mashine. Kila kipande hupita mkononi mwa mtu anayekitambua. Kisha huoshwa, maana punje za mchanga zikibaki ndani ya ubao zitamaliza makali ya msumeno. Kwa hiyo kabla fundi hajagusa tezo, wachambuzi wamekwisha kuifanya nusu ya kazi yake, na wanastahili kutajwa katika sifa za chombo kama anavyotajwa yeye.

Polyethilini nzito huanza kuyeyuka kwenye joto la nyuzi 130 hivi. Joto likipungua, vipande havishikani barabara. Likizidi sana, huungua na kupoteza nguvu. Uji mzito unaopatikana hushindiliwa ndani ya kalibu na kuachwa upoe. Hapo ndipo hutoka mbao na magogo ya plastiki, na hapo ndipo fundi anapokutana na mwenzake mpya, mwenye tabia zake.

Tabia ya kwanza ni ulegevu. Plastiki hii ina takriban sehemu moja ya kumi tu ya ukakamavu wa mbao ngumu, kwa hiyo hupinda pale ambapo mti ungesimama imara. Anayeunda nayo hana budi kuongeza unene au kuyasogeza mataruma yakaribiane. Tabia ya pili ni kurefuka kwa joto. Ubao wa plastiki wa mita 5, ukitoka katika ubaridi wa alfajiri ukafikiwa na jua la mchana, unaweza kurefuka zaidi ya sentimita moja kwa ongezeko la nyuzi 20 tu. Wa mti haubadiliki kwa kiasi cha kuonekana. Mwungano uliokaa sawasawa asubuhi unaweza kuwa umesukumana adhuhuri. Tabia ya tatu ni kwamba gundi za kawaida haziishiki, na maji hayaivimbishi. Ule msaada wa bahari, wa kuubana mwungano baada ya kushushwa chombo, haupo. Kila tundu na kila kiungo lazima kikae sawa kwa nguvu ya mkono wa fundi peke yake.

Hapa ndipo ninapostaajabu. Mtu aliyejifunza miaka na miaka kuzisoma nyuzi za mti amepewa kitu kisicho na nyuzi, naye hakuutupa ujuzi wake. Aliupima upya. Jicho linalojua mpindo wa omo bado linajua, hata kama kilicho mbele yake si mti. Vifaa ni vile vile vya karakana ya Lamu: msumeno, patasi, randa, nyundo. Kinachobadilika ni jinsi ya kuvishika. Mti huchongwa kwa kufuata uelekeo wa nyuzi. Plastiki haina uelekeo, kwa hiyo fundi hukosa kile kinachomwongoza, na pia hukosa kile kinachompinga. Msumeno ukienda mbio, msuguano huleta joto, plastiki huanza kulainika na kuung'ang'ania. Fundi hujifunza kukata taratibu. Ubao usioshindiliwa vizuri una mapovu ndani, na patasi ikilifikia povu, tundu hujitokeza pale ambapo hapana nafasi ya kosa.

Kisha tutazame maranda. Katika karakana ya mbao, maranda na vipande vya mti huokotwa vikaenda kuwashia moto wa chai, na vinavyobaki huoza. Maranda ya plastiki yakichukuliwa na upepo yanarudi baharini yakiwa madogo zaidi, mepesi zaidi kumezwa na samaki. Kazi hii, basi, inadai ufagio. Kilichochongwa lazima kikusanywe na kurudishwa kuyeyushwa upya, la sivyo chombo kilichoundwa ili kuisafisha bahari kitakuwa kimeichafua. Nidhamu ya namna hiyo haionekani kwenye picha, lakini ndiyo inayoutofautisha mradi wa kweli na maonyesho.

Ndara nazo zina hadithi yake. Soli ya ndara ni povu lisiloyeyuka vizuri pamoja na plastiki nyingine, kwa hiyo haiwezi kuwa ubao. Kaskazini mwa Lamu, huko Kiwayu, tangu miaka ya 1990 watu waliziokota ufuoni wakazichonga vitu vya kuchezea, na kutokana na mwanzo huo ikakua kazi nzima ya kuchonga wanyama kwa ndara. Kwenye Flipflopi zilikatwa vipande, zikapangwa na kufunika ubavu wa chombo. Kila kipande kilikuwa mguuni mwa mtu. Mtazamaji akikaribia huziona ndara zilizolika kisigino, na pale pale huelewa taka hizi zimetoka kwa nani.

Mwishoni mwa Januari 2019, kaskazi ikivuma, chombo kiling'oa nanga Lamu kuelekea Unguja, mwendo wa kilomita 500 hivi, kikipita Malindi, Watamu, Kilifi na Mombasa. Msimu ulichaguliwa kama mabaharia wa pwani walivyouchagua karne nyingi, kwa kufuata upepo. Kila kilipotia nanga, wanafunzi, wavuvi na viongozi walikuja kukigusa. Wakati huo Kenya ilikwisha kupiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 28 Agosti 2017, na Tanzania ikafuata tarehe 1 Juni 2019. Mwaka 2021 chombo hicho hicho kilipelekwa Ziwa Viktoria, kikatembelea pwani za Kenya, Uganda na Tanzania kuhimiza nchi hizo ziwe na sheria moja kuhusu plastiki inayotumika mara moja na kutupwa.

Tani 10 ni kidogo mno mbele ya taka zilizomo baharini, na hakuna chombo kitakachozimaliza. Dawa kubwa ni kuacha kuzizalisha. Faida ya kazi hii iko kwingine. Dumu lililokuwa takataka limepata thamani, na kitu chenye thamani hakitupwi ovyo. Lamu sasa kuna karakana inayokusanya plastiki na kuigeuza mbao, samani na vyombo, na vijana wanajifunza uundaji kwa mafundi wakongwe kabla ujuzi huo haujazikwa pamoja na wenyewe. Taka, ajira na urithi vimekutana chini ya paa moja.

Wahenga wa pwani walisema chombo hakiendi ila kwa nyenzo. Mawazo ya kuyahifadhi mazingira tunayo tele. Kila kongamano hutoa mengine. Kinachokosekana mara nyingi ni nyenzo, na nyenzo ya kwanza ni mtu anayejua kazi. Miradi mingi imekufa kwa sababu ililetwa ikiwa imekwisha kuamuliwa, na mafundi wa mahali wakaitwa siku ya ufunguzi kupiga makofi. Flipflopi ilielea kwa sababu fundi aliitwa siku ya kwanza, na umbo lilikuwa lile ambalo watu wa pale wanaliamini.

Kila mahali pana mafundi wa namna hiyo. Kamukunji jijini Nairobi wapo wanaofua masanduku na majiko kwa mabati yaliyokwisha kutumika. Wapo wanaoshona katambuga kwa matairi, na wapo wasusi wa ukili Pemba wanaotengeneza vikapu ambavyo vingeweza kuchukua nafasi ya mifuko mingi ya dukani. Kama kikundi chako cha mtaa, shule yako au msikiti wako unataka kuanzisha mradi wa kupunguza taka, anzeni kwa kumtafuta fundi wenu. Muulizeni anachohitaji, mpeni vijana wa kuwafundisha, mlipeni haki yake. Na nyumbani, tenga madumu mbali na chupa za maji, uyaoshe, umpe anayeyanunua. Kazi ya fundi huanzia kwenye ndoo yako ya taka.