Hongera, Mtendaji wa Kijiji

Ukitaja Kongwa, wengi hukumbuka mradi wa karanga wa Waingereza ulioanza 1947 ukafa, au kambi ya wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika. Wachache humkumbuka anayeendesha kazi za kila kijiji cha wilaya hii siku kwa siku: mtendaji wa kijiji.

Utawala wa machifu ulifutwa 1963. Leo, kwa Sheria Na. 7 ya 1982, kijiji kina halmashauri ya wajumbe 15 hadi 25 na mkutano mkuu wa watu wazima wote. Mtendaji ndiye katibu wa halmashauri hiyo: huandika muhtasari, hutunza daftari la wakazi na kugonga muhuri kwenye barua ya utambulisho.

Kaskazini, Kongwa inakopakana na Kiteto mkoani Manyara, kazi huzidi uzito. Ng'ombe hawasomi mabango ya mpaka. Mkulima analilia mtama wake ulioliwa, mfugaji anatafuta maji, na kabla ya polisi au mahakama wote wawili hukaa kwenye benchi la mtendaji.

Silaha zake ni kalamu, muhuri na subira. Hongera, Mtendaji: mpaka hulindwa na maelewano kabla ya mawe.