Dola 50 Zilizoachwa Mezani

Kwa kuwa mchezaji wa blaindi kubwa alishinda mkono, wengi wanamsifu kwa subira yake. Alikosea, na alikosea kabla flopu haijafunguliwa. Sote tuliona: meza ya poka ya limiti, dola 10 kwa 20, wanne wameita, blaindi ndogo amekamilisha, zamu ikamfikia blaindi kubwa akiwa na mfalme wa shupaza na mfalme wa kopa. Akagonga meza, akapita. Hapo zilikuwepo dola 60 za watu sita. Angepandisha, mtu wa kwanza angedaiwa 10 kugombea 70, na kwa bei hiyo aliyekwisha kuingia hatoki. Wote wangelipa. Wafalme wawili dhidi ya mikono mitano ya kubahatisha hushinda kama mara 43 katika 100, ilhali fungu la mmoja kati ya sita halifiki 17. Katika dola 60 mpya angetoa 10, na sehemu yake ingekaribia 26. Punguza kwa sababu walioita hawakushika takataka, punguza tena kwa sababu angelazimika kutangulia karibu wote kuamua katika kila raundi iliyobaki. Bado faida ni kubwa mno kuiacha.

Watetezi wake wanasema alikuwa anazificha karata zake. Nimechoka na hoja hii. Imetoka kwenye poka isiyo na limiti, ile iliyotawala televisheni tangu Chris Moneymaker atwae ubingwa wa dunia mwaka 2003, ambako siri huweza kulipwa kwa rundo zima la mpinzani. Kwenye limiti dau limefungwa. Siri hulipwa kwa dau moja au mawili, kama italipwa. Hoja nzito zaidi ni ya kuacha fedha za mezani ziwe chache ili wanaofukuzia wakosee. Ina uzito kwa ree na mfalme wa rangi tofauti, mkono unaokosa jozi kwenye flopu karibu mara mbili katika tatu. Wafalme ni jozi tayari, na dola 60 zilishatosha kumvuta mwenye karata nne za rangi moja. Wengine watataja Cepheus, programu ya Chuo Kikuu cha Alberta iliyotangazwa mwaka 2015, ambayo ikiwa mgawaji karibu haipandishi kamwe dau la mwisho kabla ya flopu, hata na ree mbili. Sawa, lakini Cepheus humkabili mtu mmoja, tena katika mkono ambao umeshapandishwa.

Uchezaji wake kuanzia flopu ulikuwa safi. Ila kizazi cha mcheza poka Chip Reese, na wale waliomkabili mwanabenki Andy Beal kwenye limiti huko Las Vegas hadi Phil Ivey alipomshinda zaidi ya dola milioni 16 Februari 2006, waliishi kwa madau kama hili alilolisamehe. Ukiwa blaindi kubwa na watano wameshalipa, pandisha: kwa ree mbili, kwa wafalme, kwa malkia wawili, hata kwa ree na mfalme wa rangi moja.